Kichwa Chako Juu ya Suti Yangu

Goba, Jumapili baada ya misa ya kwanza

Damasi, ndugu yangu,

Kule misheni tulifundishwa kwamba barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali ya yule anayeandikiwa, kisha ndipo mwandishi aeleze ya kwake. Nakuomba radhi kwamba leo siwezi kuifuata kanuni hiyo. Hali yako naijua. Niliiona ikifunikwa kwa udongo wa Kibamba, na konzi moja ya udongo ule ilitoka mkononi mwangu. Kwa hiyo nitaanza na yangu. Nipo. Nakula kidogo. Magoti yananitaabisha kwenye kilima cha Goba, na majirani wameniona nikisimama katikati ya mteremko kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Nina jambo la kukueleza, nalo ni juu ya uso wako. Na kwa kuwa wewe ndiye mwenye uso, sikuona haki kumweleza mtu mwingine kabla yako.

Sidhani kama unajua ulivyoondoka, maana sisi ndio tuliobaki kuyaona. Ulifia gerejini kwako Temeke, chini ya ile pikapu ya kijani uliyokuwa ukiikata ili ubavu wake ufunguke na kuwa jukwaa la bendi. Ulikuwa umelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, na miguu yako ilikuwa nje, kama watu wote walivyozoea kuiona. Wakapita. Muuza kahawa alipita akasema, "Mzee Dama, kazi iendelee." Fundi rangi alikuja kuazima spana, akaiokota karibu na kiatu chako, akasema, "Nairudisha sasa hivi, mzee," na kweli akairudisha, akashukuru. Mama wa chakula aliweka sahani yako juu ya boneti, akaifunika, akakugombeza kidogo kwamba wali unapoa. Mchana mzima, Damasi, watu walikuwa wakikusalimu. Wakati wa kufunga gereji ndipo Side, mwimbaji wa bendi yenu, alipokupiga teke la utani kwenye soli: "Oya mzee, toka bwana, au umehamia humo?" Ananiambia mguu ulisogea, ukabaki pale uliposogea.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikwenda mapema, kabla hata ya kahawa. Side hajajisamehe teke lile. Nimemweleza mara nyingi kwamba hukulisikia, naye huitikia, "Sawa, mzee wangu," kisha hutazama kiatu chake.

Kesho yake asubuhi binti yako Koleta alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka, haina machozi wala hasira. "Shikamoo, Baba mkubwa. Picha za baba zote unazo wewe. Nitafutie moja ya heshima, ya kuweka mbele ya jeneza." Kisha akaongeza, "Siyo zile."

Niliielewa maana yake.

Unaijua nafasi ya Koleta katika nyumba yangu. Paulina na mimi hatukujaliwa mtoto. Tangu nimzike Paulina, Koleta alikuwa akiniletea chakula kila Jumapili kwenye hotipoti lenye maua mekundu, kutoka Kibamba hadi huku, akikaa nami mpaka nimalize, akinisimulia ya ofisini kwake na ya kikundi chake cha sala. Hakuna damu kati yetu. Wewe ndiye uliyemwambia aniite baba mkubwa, tangu alipokuwa akisoma darasa la pili, naye hakukosea hata siku moja. Kwa hiyo aliponiagiza, nilitii.

Nilizimimina kadi zangu zote za kamera juu ya meza, nikazipitia moja baada ya nyingine, na hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi yenyewe. Nisamehe nikieleza mambo kama yalivyo: katika picha zangu hukuwa mtu wa heshima hata mara moja. Bendi yenu ilikuwa ya kopi. Mlikuwa mkipiga roki ya Wazungu wa zamani, mkivaa kama wao, mkijipaka nyuso kwa rangi nyeupe na nyeusi, nawe ukivaa nywele za bandia zinazofika mgongoni, mzee wa wajukuu, umeshika gitaa la besi usawa wa magoti. Watoto wa Kinondoni walikuwa wakikimbilia nyuma ya kanga za mama zao. Wewe ulikuwa ukifurahi zaidi wanavyokimbia.

Nilijiuliza nilifikaje mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia na msoma masomo kanisani, kuwa na picha nyingi kiasi kile za mambo yale. Jibu lake unalo wewe. Paulina alipokufa nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha sebuleni, nikitazama mlango wa chumba alichofia. Ndugu walikuja wakaniambia nijikaze. Padri alikuja akanisomea. Wewe ulikuja, ukakaa kwenye kiti cha pili, ukautazama nawe mlango ule kwa muda mrefu, kisha ukasema, "Mwalimu, mlango huu hauna jipya. Vaa viatu."

Ukanipeleka Kinondoni, kwenye kiwanja kile ambako Jumapili alasiri vijana huleta vyombo vyao vya moto walivyovigeuza kwa mikono yao. Yapo magari yaliyoshushwa mpaka paka hawezi kupita chini yake. Zipo pikapu zilizoinuliwa mpaka mwenyewe anahitaji kigoda ili apande. Bajaji zina spika nyingi kuliko ukumbi wa harusi, na pikipiki zimerefushwa uma wa mbele hadi zikafanana na panzi. Pembeni bendi yenu ilikuwa ikijaribu vyombo. Ukanitundika kamera shingoni, mtumba wa Kariakoo, ukasema, "Leo kazi yako kutazama."

Nilitazama vibaya. Nilikuwa nikiomba ruhusa. "Samahani sana, kijana, naomba nilipige picha gari lako, kama si usumbufu." Kijana hujiweka sawa, hukunja uso, huifuta boneti kwa fulana yake, na kile nilichokiona kikawa kimekwisha. Ulicheka ukashika mbavu. "Mwalimu, hapa si ofisini kwa mkuu wa wilaya! Piga kwanza, omba radhi baadaye." Ukanifundisha kwamba gari halipigwi usoni kama mtu anayetaka pasipoti, unasogea pembeni ulipige likiwa kama linakuibia jicho, na uangalie usijipige mwenyewe ndani ya rangi inayong'aa. Nilijipiga mara nyingi. Milango ya magari ya watu imejaa mzee mmoja mrefu, ameinama, ana kofia.

Mwanzoni niliona haya. Waumini wenzangu wangesema nini? Kisha nikagundua kwamba muda wote niliokuwa na jicho langu kwenye kitundu kile, sikuwa nikimwona Paulina akihangaika kutafuta pumzi. Sikukuambia hilo ulipokuwa hai. Nilidhani unajua.

Basi katika zote hizo niliipata picha moja tu iliyofaa. Ulikuwa umeivua miwani ya giza na nywele za bandia ili ufute jasho kati ya wimbo na wimbo, rangi imeondoka na taulo, na ulikuwa umegeukia kushoto kumsikiliza Side. Macho yalikuwa matulivu. Chini ya shingo ulikuwa na kizibao cha ngozi na kifua wazi.

Niliipeleka kwa dada mmoja wa Temeke aitwaye Zuhura, mwenye studio ya picha. Kazi yao unaijua: mtu huwapelekea kichwa, wao humpa suti. Nusu ya marehemu wa jiji hili wamezikwa wakiwa na suti za kompyuta, na hakuna anayeuliza. Zuhura alikuvalisha ya kwanza, akaguna. Akakuvalisha ya pili. "Mzee wangu, suti zangu zote zinatazama mbele. Marehemu kageuka. Nikimvalisha hii namvunja shingo." Nilisogea nikaona kwamba kweli ulikuwa umevunjika shingo. Nikaomba radhi kwa usumbufu. Yeye hakunisikia, alikuwa akinipima kwa macho, kuanzia kofia hadi viatu.

"We mzee mabega yako kama yake. Suti unayo?"

Suti ninayo moja. Ni ile ya kijivu ambayo Paulina alinishonea kwa jubilei ya ndoa yetu, na ambayo niliivaa tena siku ya kumzika. Nilirudi Goba nikaichukua. Nilipoivaa, Zuhura akanikalisha kwenye stuli mbele ya pazia la buluu. "Geuka kidogo. Shusha bega. Mikono weka magotini, hivyo hivyo, kama baba paroko." Akanipiga. Kisha akasema, "Sasa mzee nakukata kichwa, usiogope," na wateja waliokuwa wakisubiri wakacheka, nami nikacheka kwa adabu.

Alipogeuza kioo cha kompyuta nikuone, ulikuwa umekaa vizuri. Hilo ndilo lililonitisha. Nilitarajia kasoro, mstari shingoni, kivuli kilichokosea upande. Hakukuwa na kasoro yoyote. Ulionekana mtu aliyestaafu serikalini, anayelipa zaka, anayelala mapema. Ulionekana mimi.

Koleta aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kitambo, akasema, "Asante, Baba mkubwa. Hivi ndivyo."

Siku ya mazishi picha ile ilitangulia mbele ya jeneza. Nilitembea nyuma ya mwili wako nikiutazama mwili wangu. Bibi mmoja wa kwetu, aliyekufahamu ukiwa unachunga mbuzi, alisimama mbele yake akalia kwa sauti: "Damasi weee, kumbe mji ulikupenda, ukawa mtu wa maana!" Watu wakampa nafasi. Mwenyekiti wa jumuiya akakusifu kwa utulivu na kiasi. Nilimtazama Side; alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Ungekuwapo ungekohoa kuficha kicheko.

Vijana wa kiwanjani walikuja na pikipiki zao ndefu, kwa nia ya kukusindikiza kwa kupiga resi kama wafanyavyo kwa wenzao. Koleta aliwatuma wazee wawakatalie pale kwenye kona. Sikuwasikia wakibishana. Walizima injini, wakashuka, wakazisukuma pikipiki kwa mikono katika barabara ile ya vumbi hadi uliposhushwa, nyuma ya nyumba ya binti yako, ndani ya uzio wake. Hakuna aliyewaomba kufanya hivyo. Niliitaka picha ile kuliko picha yoyote niliyowahi kuipiga, na kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa heshima ya msiba.

Kaburi limekwisha kusakafiwa. Picha imechapwa kwenye kigae na kukazwa kwa saruji juu ya jina lako. Nyingine, kubwa, Koleta aliitundika sebuleni kwake. Mpaka hapo ningeweza kunyamaza. Watu wengi wamelala chini ya nyuso zisizo zao sawasawa, na Mungu huwatambua.

Kisha Side, kwa kukupenda, aliiweka mtandaoni picha niliyompa zamani. Ile ambayo umetoa ulimi, umepakwa rangi, na kichwani una pembe za plastiki, umesimama juu ya boneti ya gari lililochorwa mioto. Akaandika chini yake kwamba umekuwa baba kwake. Picha ikaanza kutembea, kama zinavyotembea siku hizi, mpaka ikafika kwenye kikundi cha sala cha Koleta. Mwanamke mmoja akamuuliza mbele ya wenzake kama yale mazishi waliyoyachangia yalikuwa ya Kikristo kweli.

Jumapili iliyopita Koleta hakuja na chakula. Alinipigia simu niende mimi Kibamba. "Njoo na kamera, Baba mkubwa. Na zile kadi zote."

Nilikwenda. Alinipokea kwa shikamoo, akanitengea chai yenye tangawizi kama ninavyoipenda, akakaa mkabala nami, chini ya picha yako. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtetea Side. Hakuniuliza habari za Side.

"Kabla ya yote, nataka kukuuliza. Mikono ya kwenye picha hii si ya baba. Baba alikatwa ncha ya kidole na grainda, mimi ndiye nilikuwa namfungia kitambaa. Hapa vidole viko vyote."

Niliiweka mikono yangu mezani, kando ya kikombe. Aliitazama, akatazama juu ukutani, akaitazama tena. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza habari za shingo na suti zinazotazama mbele, na nafikiri nilieleza vibaya.

Akanikatiza kwa upole. "Usiombe radhi. Nilijua tangu siku ile ya mazishi. Afadhali mikono yako."

Kisha akaniambia jambo ambalo nililijua nusu, na ile nusu nyingine sikutaka kamwe kuijua. "Mama alipokufa, baba alikuwa jukwaani. Alikuja hospitali kanawa uso, masikioni rangi imebaki. Watu wanalia, mie namtazama masikio. Mpaka leo nikisikia mtu kafiwa naona masikio." Akaelekeza kidole juu ya kichwa chake bila kugeuka. "Huyu hapa ndiye baba niliyekuwa namwomba kwa Mungu. Kichwa chake, utulivu wako. Sikupewa akiwa hai, nimepewa sasa. Niachie huyu. Hao wengine wafute, nikiwa naona."

Damasi, mimi ni mzee asiye na mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno ya namna hiyo, wala sidhani kama yupo atakayeniambia tena. Niliiwasha kamera.

Nataka ujue kwamba nilifuta. Sitakuficha. Nilianza na zile za pembe na ulimi, na nilijiambia kwamba hata wewe ungeona ni haki, baada ya aibu aliyoipata. Nilikuwa nikimwonyesha, naye akisema "Futa," kwa sauti ya chini, kama anayeitikia litania. Nilizifuta zile za tamasha la mvua, mlipopiga huku mmefunika spika kwa maturubai. Nilizifuta za ile siku uliyokata waya wa gitaa ukaendelea kwa nyuzi tatu. Sina kompyuta, unajua. Kilichotoka kwenye kadi kimetoka duniani. Kidole changu kilizoea upesi. Hilo nalo limenitia hofu juu yangu mwenyewe.

Ndipo tukafika kwenye picha ambayo ningeapa kwamba haina ubaya wowote. Umekaa juu ya tairi la akiba, umevaa shati la kawaida, uso umenawa. Unakula chipsi mayai kwenye sahani ya plastiki. Side anakuibia kipande, nawe unamtazama kwa pembe ya jicho, unajifanya hujaona, kicheko kimekujaa mashavuni pamoja na chakula. Hakuna gitaa wala nywele za bandia.

Nikasema, "Hii nadhani tuiache, mwanangu. Hapa anakula tu."

"Futa, Baba mkubwa."

"Hana rangi usoni."

"Anacheka," akasema. Akaisogeza kamera karibu na macho yake. "Nyumbani hakuwahi kucheka hivi. Futa."

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kunaniuma bado. Rangi haikuwa kitu, wala pembe, wala wale wanawake wa kikundi. Kilichomchoma mtoto wako ni kwamba furaha ile ilikuwapo, na uliigawa kiwanjani, kwa watu ambao hukuwazaa, na ulipofika kwake ulikuwa umekwisha kuimaliza. Akitaka isiwe imewahi kuwapo, simlaumu. Lakini mimi niliiona. Nilikuwa nimesimama hatua chache mbele yake nikiwa mgane aliyekuja kujifunza kupumua upya. Nikiifuta, utabaki yule wa kwenye kigae, ambaye hakuwahi kuishi, na shahidi wa mwisho aliyeweza kusema vinginevyo atakuwa amekubali mwenyewe kunyamaza kwa kikombe cha chai.

Nikasema, "Unisamehe, mwanangu. Hii sifuti. Wala zilizobaki."

Alidhani sikumsikia vizuri. Maisha yangu yote sijamkatalia mtu kwa neno la wazi, hata wanafunzi wangu walikuwa wakilijua hilo na kulitumia. Akarudia ombi lake, kwa adabu ileile. Nami nikarudia jibu, nikaongeza samahani nyingi zisizo na kazi. Kisha akasema, "Ukitoka na hiyo kamera hapa ndani, usirudi."

Nilivaa mkanda wa kamera shingoni. Nikachukua kofia yangu. Sikupita nyuma kukusalimu, maana sikuona kama nina ruhusa. Nilipofika mlangoni alisimama, kwa kuwa amelelewa vizuri na mama yake, akasema, "Haya. Nenda salama, Mwalimu."

Mwalimu. Mji mzima huniita hivyo nami huitika. Yeye hakuwahi.

Sasa niruhusu niseme neno moja ambalo si desturi kulisema kwa marehemu, na ambalo tungekuwa wanafunzi tungepigwa kwa ajili yake. Nimekukasirikia, Damasi. Ulikuja nyumbani kwangu ukanitoa kwenye kiti changu kwa maneno machache, ukaniambia mlango hauna jipya. Binti yako alikuwa na mlango wake, akautazama miaka mingi, na kila Jumapili ulikuwa ukipita mbele yake na gitaa mgongoni kwenda kuwachekesha watu. Ungemwambia naye avae viatu. Ungemleta mara moja tu, asimame nami pale mbele ya jukwaa, akuone unavyofumba macho kabla ya kupiga zile sauti nene za besi. Mimi ningemwachia kamera. Nami pia sikumleta. Nililiona hotipoti lake kila wiki nikala, nikashukuru, wala sikumuuliza kwa nini mwanamke mwenye baba aliye hai anampikia mzee mwingine.

Leo ni Jumapili na hakuna aliyekuja. Hotipoti lenyewe lipo hapa jikoni, nimeliosha na kulikausha, na sijui adabu ya kurudisha chombo mahali ulipoambiwa usirudi. Suti nimeirudisha kabatini. Nilikuwa nimeiweka akiba kwa siku yangu mwenyewe, lakini sasa nikizikwa nayo waombolezaji watadhani nimeiazima kwako. Nimemwambia Side atoe ile picha ya pembe, naye ameitoa, akaniuliza kama Koleta amepoa. Nikamwambia hapana. Akasema, "Dah, mzee, pole. Mie ningefuta." Alisema kwa huruma. Huenda angekuwa amefanya vyema kuliko mimi. Nimelifikiria hilo wiki nzima na sijapata usingizi wa kunijibu.

Jumapili zijazo nitakwenda kiwanjani. Pikapu yako vijana wanaimalizia wenyewe. Ubavu wake unafunguka sasa, ingawa wanasema unalia. Nitasimama upande wa kushoto wa jukwaa na nitawapiga jinsi walivyo, wakiwa wanapendeza na wakiwa hawapendezi. Zile zako nilizookoa nitazichapa kwenye karatasi, zisiwe mateka wa kadi moja na kidole kimoja. Hizo ni ahadi nyepesi.

Iliyo nzito ni hii. Wewe uko ndani ya uzio wake, na mimi nimekatazwa kuingia. Siku ya Marehemu Wote nitakuja Kibamba hadi getini, nami nitabisha hodi. Mkubwa hungoja shikamoo ya mdogo, ndivyo tulivyolelewa na ndivyo nilivyofundisha watoto wa watu. Siku hiyo sitaingoja. Atakapotokea, kabla hajaamua aniite nani, nitakuwa nimekwisha kuvua kofia na kumtangulia mimi kwa salamu. Asipotoka, nitakuombea nikiwa nje, barabarani, nikiwa nimesimama, muda wote yatakaoniruhusu magoti; na mwaka utakaofuata nitakuja kubisha tena.

Lala, ndugu yangu. Sikusumbui zaidi.

Wako,
Kornelio